Wanafunzi wananiuliza kwa nini raia wa Burundi hawakukaa pembeni vita vilipoanza. Niwajibu nini?

Mwalimu wa Sakina (Arusha)

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za jioni.

Nafundisha Historia kidato cha tatu, shule ya kata hapa Arusha. Mwezi ujao tunawapeleka wanafunzi Lakilaki, kwenye ile taasisi ya Umoja wa Mataifa iliyorithi kazi za Mahakama ya Rwanda. Kabla ya safari nimeona niwafundishe pia kuhusu Burundi, maana Mkataba wa Arusha, ule wa amani ya Burundi, ulisainiwa hapa hapa mjini, kwenye jengo la mikutano la AICC, tarehe 28 Agosti 2000, na watoto wengi hupita pale kila siku wakienda zao sokoni bila kujua kilichofanyika mle ndani.

Nikawapa yaliyopo: Rais Ndadaye wa Burundi aliuawa tarehe 21 Oktoba 1993, miezi michache tu baada ya kuapishwa, Mwalimu Nyerere alisuluhisha hadi alipofariki Oktoba 1999, Mzee Mandela akapokea, pande 19 zikatia saini. Wakaandika kwenye madaftari. Mwisho msichana mmoja akanyoosha mkono akauliza: "Mwalimu, waliokuwa wanagombania madaraka ni viongozi na wanajeshi. Hawa wananchi wa kawaida walishindwa nini kukaa pembeni wakawaacha wapigane wenyewe?" Mwenzake akamjibu kabla yangu kwamba yale ni makabila yanayochukiana tangu zamani, ndiyo asili yao. Darasa zima likaafiki.

Swali la yule binti limenikaa. Nimewaambia tutaliendeleza Jumatatu. Najua humu kuna watu waliofanya kazi Kigoma na Ngara miaka ile, na wengine waliopita Burundi kwa shughuli zao. Naomba mnisaidie: mwananchi wa kawaida aliishije? Sitaki hotuba ya siasa, ya siasa ninayo.

---

Nesi Mstaafu (Moshi)

Marahaba mwanangu. Mpongeze huyo binti, ameuliza kilichonisumbua mimi miaka yote niliyokaa Kibondo.

Mimi ni nesi, sasa nimestaafu nipo nyumbani Rau. Mwishoni mwa miaka ya tisini hadi mwanzoni mwa elfu mbili nilifanya kazi kwenye wodi ya lishe, katika kambi mojawapo ya wakimbizi wa Burundi wilayani Kibondo. Sikuwahi kuona mapigano kwa macho yangu. Nilichoona ni watu wakishafika, na walichokuwa wakinisimulia usiku nikiwa zamu, mama amekaa kitandani anasubiri mtoto anyonye maziwa ya tiba kwa kijiko.

Jibu langu kwa binti ni hili: pembeni hapakuwepo. Ngoja nieleze taratibu, maana hapa ndipo watu wengi wanapokosea.

Burundi haina vijiji kama vya Dodoma au Shinyanga. Watu wanaishi milimani, kila kaya katikati ya migomba yake, sawa na vihamba vyetu vya Kibosho au Old Moshi. Ukimuuliza mtu anatoka wapi, anakutajia mlima. Na katika mlima mmoja Mhutu na Mtutsi walipakana. Lugha moja, Kirundi. Kanisa moja, chemchemi moja, soko moja, na walioana. Hakuna jimbo la Wahutu wala jimbo la Watutsi, kwa hiyo aliyesema "nitahamia kwa watu wangu mpaka yaishe" hakuwa na pa kuhamia. Kabila wanahesabu kwa baba. Nilimuuguza mtoto ambaye kwa baba alikuwa Mhutu, wajomba zake wote Watutsi. Huyo akae upande upi? Familia za namna hiyo zilitishwa hata ndani ya kambi zetu, ndiyo maana Kibondo kulikuwa na kambi ndogo ya Mkugwa, pamoja na wengine ambao usalama wao ulikuwa mashakani.

Sasa, Ndadaye alipouawa, katika majuma yale ya kwanza walikufa makumi ya elfu. Milimani Watutsi waliuawa na majirani zao, na jeshi, ambalo lilikuwa la Watutsi kwa sehemu kubwa, likaua Wahutu kulipiza. Waliobaki wakagawanyika kwa hofu. Watutsi wengi waliacha migomba yao wakakimbilia kando ya barabara, kwenye shule, parokia na vituo vya jeshi, wakakaa kwenye vibanda. Baadhi walikaa huko zaidi ya miaka kumi. Wahutu wakajificha mabondeni na kwenye mafunjo, au wakavuka mpaka kuja kwetu. Kuanzia hapo, Mwalimu, pale unapolala ndipo palipokuwa upande wako, hata kama hukuwahi kuchagua.

Mama mmoja kutoka Karuzi alinieleza hivi. Usiku waasi, wale Wahutu waliokuwa wakipigana na jeshi, wanabisha hodi. Wanataka maharage, mbuzi, mchango wa fedha, na kama kuna kijana wa kubeba mizigo, wanaondoka naye. Ukikataa, unakufa usiku huo. Ukitoa, asubuhi askari wanakuja, wanaona majivu ya moto mkubwa kuliko familia yako, wanauliza ulimpikia nani. Alisema mume wake aliulizwa swali hilo. Hakumalizia, na mimi sikumuuliza tena.

Na upande wa pili ni hivyohivyo. Watutsi waliokaa kwenye vile vibanda karibu na askari, waasi waliwahesabu kuwa ni jeshi: mama mzee, mtoto wa chekechea, wote jeshi. Julai 1996 waliivamia kambi ya Bugendana, mkoa wa Gitega, wakaua zaidi ya watu 300 waliokuwa wamekimbilia pale ili wapone. Siku chache baadaye Meja Buyoya akachukua nchi kwa mapinduzi.

Serikali yake ndiyo iliyozidisha ile kazi ya kuwakusanya Wahutu kwenye kambi kwa amri. Hili wanafunzi wako walijue vizuri, vitabu vya shule hulipita haraka. Askari wanafika mlimani, wanasema kila mtu ashuke aende kukaa pale uwanjani, atakayebaki nyumbani kwake atahesabiwa ni mwasi. Lengo lilikuwa waasi wakose chakula na pa kujificha. Unashuka na mkeka, sufuria na watoto. Hakuna choo, maji yako mbali, nyasi ndiyo paa. Shambani unaruhusiwa kwenda siku walizopanga wao, saa walizopanga wao, na askari akipenda. Yule mama wa Karuzi alisema maharage yake aliyaona kutoka kambini, yamekauka na kupasuka yakamwagika chini, naye haruhusiwi kwenda kuyachuma. Baada ya muda mtoto wake wa pili akaanza kuvimba miguu na uso, nywele zikageuka rangi. Kwashakoo. Alimbeba, akapita Ruyigi kwa miguu akilala mchana na kutembea usiku, akavuka mpaka. Yule mtoto alipona. Mdogo wake hakufika.

Mwaka 1999, kuanzia Septemba, wakafanya hivyo tena kuzunguka Bujumbura, wakakusanya zaidi ya watu 300,000. Mzee Mandela aliposhika usuluhishi, moja ya mambo ya kwanza aliyoyasimamia ni hizo kambi zifungwe, na mwaka 2000 zikafungwa. Kwa hiyo watoto wako wanaposoma kuhusu mazungumzo ya Arusha, wasidhani yalikuwa ya kugawana vyeo tu. Palikuwa na mama kule Bujumbura Vijijini anasubiri Arusha iseme neno ndipo arudi kuchimba viazi vyake.

Jambo moja zaidi la kitabibu, halafu ninyamaze. Watu wanafikiri raia vitani huuawa na risasi na panga. Wapo. Lakini niliowaona mimi waliuawa na kuhamishwa. Ukiwarundika watu mahali pasipo na maji, bila sabuni, bila nguo ya kubadilisha, chawa wanaingia. Mwaka 1997 Burundi ilipata mlipuko wa homa ya chawa, zaidi ya wagonjwa 45,000 katika mwaka huo mmoja, ugonjwa ambao sisi tulisomea chuoni kama mambo ya vita vya Ulaya. Kuanzia mwishoni mwa 2000 ikaja malaria nyanda za juu, karibu wagonjwa milioni tatu ndani ya miezi michache, nchi yenye watu wasiofika milioni saba. Mtu mwenye njaa, anayelala nje, akiumwa malaria hana kitu cha kupigania. Vita vile vinasemwa viliua watu takriban 300,000 hadi mwaka 2005. Wale waliozikwa kimya kando ya turubai kwa kuharisha na homa, mara nyingi hakuna aliyesimama kuwahesabu kwamba ni wa vita.

Kwa hiyo Jumatatu, badala ya kuwauliza "kabila gani lilimchukia nani", waulize: huyu mtu alilala wapi, alikula nini, nani alimwamuru ahame, na nani alifaidika alipohama. Wakiyajibu hayo, lile neno la "asili yao" watalitupa wenyewe.

---

Dereva wa Mianzini

Mwalimu salaam, na mama wa Moshi shikamoo. Mimi nilikuwa naendesha lori la mizigo. Njia yetu ilikuwa Kabanga, unavuka Kobero, Muyinga, Ngozi, Kayanza, unapanda Bugarama halafu unateremka Bujumbura. Kutoka Bugarama kushuka ndiko kulikokuwa na balaa, waasi walivizia kwenye kona. Magari yalipangwa foleni yanasindikizwa na askari, na ikifika jioni njia inafungwa, hapo ulipo ndipo unalala.

Lakini nataka niongeze kitu ambacho sisi Watanzania hatukizungumzi. Baada ya mapinduzi ya Julai 1996, marais wa ukanda huu walikutana hapa Arusha tarehe 31 Julai wakaamua kuiwekea Burundi vikwazo. Mipaka ikafungwa kwa biashara hadi vilipoondolewa Januari 1999. Nia ilikuwa kumbana Buyoya akubali mazungumzo, na labda vilisaidia, sibishani. Mimi nasema nilichokiona vilipoondolewa na sisi tukarudi barabarani: wanawake wa sokoni Muyinga walitusimulia bei za chumvi, sabuni na mafuta ya taa, na mkulima aliyekosa mbolea misimu miwili. Wenye vyeo walipata petroli ya magendo. Aliyekosa chumvi ni yule mama wa mlimani ambaye tayari waasi wamemla mbuzi na jeshi limemfungia shamba.

Kwa hiyo na uamuzi uliotoka mji wetu huu ulimgusa. Waambie watoto na hilo.

---

Mjukuu wa Ulyankulu (Unga Limited, Arusha)

Shikamooni wote. Nimefikiria sana kama niandike.

Mimi ni Mtanzania. Nimezaliwa Ulyankulu, Tabora, na familia yetu ni miongoni mwa wale wakimbizi wa Burundi takriban 162,000 waliokubaliwa uraia. Vyeti vilianza kutolewa mwaka 2014. Babu na bibi walikimbia mwaka 1972, yaani miaka ishirini kabla ya vita anavyovizungumzia Mwalimu. Au niseme bibi ndiye aliyekimbia. Babu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, Gitega. Mwaka ule, baada ya uasi wa Wahutu kuzuka kusini na Watutsi kuuawa huko, serikali ilizunguka nchi nzima kuwakamata Wahutu waliosoma: walimu, makarani, wanafunzi wa sekondari, wenye maduka. Walikuwa na orodha. Babu aliitwa mkutanoni, akapanda gari pamoja na walimu wenzake. Ndivyo ilivyokwisha.

Naandika haya kwa sababu ya swali la "kukaa pembeni". Babu alikuwa pembeni. Kazi yake ilikuwa kufundisha watoto kuhesabu. Kilichomweka kwenye orodha ni chaki.

Na madhara yake hayakuishia hapo. Bibi alilima tumbaku Ulyankulu, akalea watoto sita, na alikataa kabisa baba yangu asiende zaidi ya darasa la saba. Alikuwa na akili, alifaulu. Bibi akasema mtoto aliyesoma ndiye anayeitwa kwanza. Burundi kwenyewe wazazi wengi wa Kihutu walifanya hivyohivyo baada ya 1972, wakawatoa watoto shule. Kizazi kizima kikaogopa daftari. Mimi nimesoma kwa sababu baba aligombana na mama yake kwa ajili yangu.

Mwaka 2020 ile tume ya ukweli na maridhiano ya Burundi ilifukua makaburi sita ya halaiki mkoani Karuzi, wakapata mabaki ya watu zaidi ya 6,000. Baadhi walitambuliwa na ndugu zao kwa nguo, miwani na rozari. Nyumbani tulizungukia simu moja kutazama taarifa. Shangazi aliuliza kama zile rozari zilikuwa za mbao. Hatukuweza kujua. Bibi alikuwa ameshafariki.

Mwalimu, nina ombi moja. Darasani kwako huenda yupo mtoto kama mimi. Tafadhali usiulize "nani hapa ana asili ya Burundi asimame atusimulie". Mimi nilisimamishwa nikiwa darasa la tano. Mwache, akitaka kusema atasema.

---

Mzazi wa Njiro

Nimesoma zote. Poleni mliopitia. Ila mimi kama mzazi nauliza, kuna haja gani ya kuwajaza watoto haya? Wa kwetu hawana habari za ukabila, wanaishi Wachaga na Wamasai na Wapare na Wameru pamoja bila shida. Ukishaanza kuwafundisha huyu Mhutu alifanya hivi, yule Mtutsi alifanya vile, si ndiyo unawapandia mbegu? Mengine ni bora yazikwe. Tena ni ya zamani.

---

Nesi Mstaafu (Moshi)

Mzazi wa Njiro, naielewa hofu yako, nami nina wajukuu. Lakini tazama: darasa la Mwalimu halikufundishwa chochote kuhusu Wahutu na Watutsi, na bado lilikuwa na jibu tayari, kwamba wale ni asili yao. Hiyo mbegu imeshapandwa na kutojua. Mtoto anayeamini kwamba kuna watu wa kuuana kwa asili ataamini pia kwamba yeye hayumo, na siku mtu mwenye kipaza sauti akija kumwambia jirani yake ni adui hatajua anafanyiwa nini.

Na si ya zamani. Kambi ya Mtabila kule Kasulu ilifungwa mwishoni mwa 2012, watu zaidi ya 30,000 wakarudishwa Burundi. Mwaka 2015 Burundi ikachafuka tena wakamiminika upya, safari hii kambi ya Nyarugusu ikafurika hadi zikafunguliwa tena kambi za Nduta na Mtendeli. Wapo wanawake waliokimbia mara tatu maishani: wamebebwa mgongoni 1972, wamebeba watoto wao 1993, wameshika mkono wajukuu 2015.

Pia sipendi tujipambe sana sisi wenyeji. Nchi yetu iliwapokea, ni kweli, na wanavijiji wa Kibondo waligawana nao mihogo kabla shirika lolote halijafika. Hilo nalisema kwa moyo wote. Lakini mwaka 1997 jeshi letu liliwakusanya Warundi waliokuwa wakiishi vijijini Kigoma kwa amani, wengine tangu 1972, wana mashamba na wake wa Kitanzania, wakapelekwa kambini na kuacha mahindi yamesimama. Niliwapokea baadhi yao wodini. Mzee mmoja alinionyesha kiganja chenye sugu za jembe akasema, mimi ni mkulima wa hapa. Na kambini kwenyewe wanawake walibakwa walipokwenda kutafuta kuni mbali, na mwanzoni mwa 2003 mgao wa chakula ukakatwa hadi karibu nusu kwa sababu wafadhili walipunguza fedha. Wodi yangu ilijaa ndani ya mwezi. Unampima mtoto mkono kwa ile kanda ya kupimia utapiamlo, inaingia kwenye nyekundu, yaani hatari, na mama yake unamfahamu, ndiye uliyemruhusu kwa furaha miezi michache nyuma.

Unaogopa watoto watajifunza ubaya wa huyu na yule. Basi wafundishwe na Buta. Ni seminari ndogo kusini mwa Burundi. Tarehe 30 Aprili 1997 alfajiri waasi waliingia bwenini wakawaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu huku, Watutsi kule. Wale vijana wakakataa kutengana. Wakauawa 40, Wahutu na Watutsi pamoja. Walikuwa na umri unaokaribiana na wa wanafunzi wa Mwalimu, na walikuwa wameishi kwenye nchi ile ile, vita vile vile, wakisikia maneno yale yale ya chuki tangu utotoni. Kama ingekuwa asili, wangejitenga bila kuambiwa mara ya pili.

Usizike hilo, mzazi mwenzangu.

---

Mzazi wa Njiro

Habari za Buta sikuwahi kuzisikia. Nitamsomea mwanangu usiku huu. Yeye yuko kidato cha pili.

---

Dereva wa Mianzini

Mwalimu, kitu kimoja kabla hamjaenda Lakilaki. Wenyewe hapa mjini huchanganya. Mahakama iliyokaa AICC, ile iliyomhukumu Akayesu, aliyekuwa meya kule Rwanda, mwaka 1998 na kufungwa mwisho wa 2015, ilikuwa ya Rwanda, kwa mauaji ya kimbari ya Watutsi ya 1994. Burundi ilipata mkataba Arusha, mahakama haikupata. Watoto wasije wakamuuliza mwenyeji wao pale walioua Bugendana au Buta walifungwa miaka mingapi.

---

Mwalimu wa Sakina (Arusha)

Nawashukuru sana. Kaka wa Unga Limited, nimekusikia, hakuna mtoto nitakayemsimamisha. Nilikuwa kweli nimepanga kuuliza nani ana ndugu Burundi.

Nimeshabadilisha somo la Jumatatu. Nitawagawia karatasi yenye mtu mmoja mmoja: mama wa Karuzi na maharage yake, mzee wa Kibondo, mwalimu wa Gitega, mama wa Kitutsi aliye kwenye kibanda kando ya kituo cha jeshi, na muuza chumvi wa Muyinga. Kila kundi liniambie mtu wao angekaa pembeni wapi, na nani angemruhusu. Majina ya vyama nitayaleta baadaye, wakishaona walioumia.

Mama, nina ombi kubwa kidogo. Ungeweza kuja Arusha uzungumze nao wiki ya kabla ya safari? Nauli tutachanga walimu.

---

Nesi Mstaafu (Moshi)

Nitakuja, nauli acha, Kosta za kutoka hapa zipo asubuhi yote. Nina masharti machache tu.

Usiwaonyeshe picha za maiti kabla yangu wala baada yangu. Watoto wakiona maiti wanaacha kumwona mtu. Nitawaletea ile kanda ya kupimia mkono, nitawafundisha kuitumia kwa wadogo zao nyumbani, maana utapiamlo hata hapa Arusha upo. Nitawachorea kadi ya mgao wa chakula ilivyokuwa, tutapima unga na maharage ya familia ya watu watano kwa mizani, waone ni kiasi gani, kisha tupunguze nusu. Kama shule haina mizani tuazime kwa mwenye duka.

Mama wa Karuzi sitamtaja jina wala mlima wake, hata wakiniuliza. Alipofika kwetu mara ya kwanza, karani alimuuliza anatoka mlima gani, akanyamaza, akageuka kwanza kutazama aliyesimama nyuma yake kwenye foleni. Sina ruhusa yake.

Na huyo binti aliyeuliza swali akae mbele, nataka nimuulize na mimi ya kwangu. Jumatano au Alhamisi, niambie ipi inakufaa. Ijumaa nina kikao cha vikoba.